Vipuli vya Kifuu, Bangili za Kufuli: Mapambo ya Mabaki Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita, na ni moja tu, Mvita, lililo kisiwani. Mengine matano yako ng'ambo: Likoni upande wa pili wa feri, Changamwe na Jomvu baada ya Makupa, Nyali na Kisauni baada ya Daraja la Nyali. Taka za mji mzima huishia huko. Kibarani, pembeni mwa Makupa, palikuwa na jaa lililowakaribisha wageni kwa uvundo miaka nenda miaka rudi, hadi lilipofungwa mwishoni mwa muongo uliopita na kupandwa miti. Malori hayakupotea, yalibadilisha njia tu: sasa huenda Mwakirunge, ndani ya Kisauni, na kwa upande wa kusini lipo jaa la Shonda, Likoni.

Lisilotajwa sana ni kwamba kazi za mikono zinazobeba jina la Mombasa nazo ziko ng'ambo hiyo hiyo. Ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft uko Changamwe tangu 1963. Karakana za Bombolulu, kwenye barabara ya Malindi, katika eneo lililokuwa likiitwa Kisauni lote kabla Nyali haijapewa mbunge wake, zilianzishwa 1969. Jaa na karakana ni majirani. Taka ziko, na mikono iko. Kwa nini basi mapambo ya kuvaa yanayotokana na mabaki, yaani kifuu, mfupa, shaba kuukuu, waya na karatasi, yamebaki kazi ya wachache, ya msimu, na ya kuuzia wageni?

Jibu la kwenye warsha ni kwamba mafundi wanahitaji mafunzo. Mafunzo yametolewa mpaka watu wana vyeti vya kutosha kupamba ukuta. Mimi naona kazi imekwama mahali pawili. Pa kwanza ni kati ya jaa na meza ya fundi: hapo kuna kuchambua, kuosha na kupima ambako hakuna anayekulipia, na kila mtu huzungumza kana kwamba kilichotupwa ni cha bure. Pa pili ni masikioni na shingoni. Mapambo haya hutengenezwa kwa jicho la mtu atakayeyaona mara moja ufuoni kisha apande ndege. Mwanamke wa Mtongwe au wa Mtopanga, anayevaa vipuli kila siku ya Mungu, hajaulizwa anapenda nini.

Wanaodhani ufundi huu uliletwa na miradi ya mazingira wangetazama kwanza udongo wanaoukanyaga. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walichimbua shanga za kale, na ya zamani kuliko zote ni ya miaka kati ya 63,000 na 67,000 iliyopita. Katika miji ya kwanza ya Waswahili, kama Shanga kwenye kisiwa cha Pate na Unguja Ukuu, vimepatikana vigae vya vyungu vilivyovunjika vikiwa na mistari iliyolika kwa kusugua. Mafundi walivitumia kunolea shanga za kombe. Chungu kilichovunjika hakikutupwa, kilipandishwa cheo kikawa chombo cha sonara. Picha za wanawake wa pwani zilizopigwa mwishoni mwa karne ya 19 zinaonyesha masikio yenye matundu mapana yaliyojazwa karatasi za rangi zilizoviringishwa, na aliyevaa amekaa mbele ya kamera akijua kuwa amependeza.

Fedha nayo ilikuwa ya kuyeyushwa. Riali ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyozunguka kutoka Ghuba hadi Zanzibar, ilikuwa na uzito wa gramu 28 na fedha safi sehemu 833 kwa 1,000, na zote ziliandikwa mwaka 1780 hata zilipopigwa chapa karne nzima baadaye. Masonara walizipenda kwa sababu kiwango cha fedha kilijulikana. Riali ziliingia kwenye kalibu na kutoka furungu na vikuku, na hakuna bibi harusi aliyeambiwa amevaa sarafu za mtawala wa Vienna. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikipita Changamwe kuelekea bara, nguzo za simu ziliandamana nayo, na huko juu Wanandi na wengine wakaukata waya wa shaba na kuupinda kuwa bangili. Serikali ya Waingereza iliuita wizi, na kisheria ulikuwa wizi. Aliyeuvaa aliona shaba iliyokwisha kuvutwa na kunyooshwa, kazi ambayo fundi wake angeifanya kwa siku kadhaa.

Lamu ina mfano mmoja ulio kinyume na hayo yote, ambapo asili ya kitu haifichwi. Masonara huchukua vipande vya sahani za Kichina vilivyookotwa ufuoni, wakavizungushia fedha, wakapata pete na vidani. Kinachouzwa pale ni kigae chenyewe, na kinaonekana. Kigae hicho kina heshima kwa sababu kinasimulia merikebu na biashara ya kale. Hata hivyo kina sheria yake: kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mtalii anayeondoka na pete ya kigae cha kweli cha karne ya 15 anaweza kuwa na tatizo ambalo muuzaji hakumtajia.

Turudi Mombasa, kwenye vitu vyenyewe, maana kila kimoja kina tabia yake na ni kosa kuviweka vyote kwenye gunia moja lililoandikwa "taka".

Mimi ni mtu wa kifuu. Nyumba za pwani hukuna nazi, na baada ya kukuna, kifuu hutupwa au huwashiwa moto. Kifuu cha nazi iliyokauka vizuri ni kigumu kama baadhi ya mbao ngumu, hakinuki, hakina sumu, hakina kibali cha kuomba na hakina mwenyewe atakayedai kimeibiwa. Fundi huparuza nyuzi za nje kwa kisu na tupa, akachora duara, akakata kwa msumeno mwembamba, akatoboa kwa keekee, kisha akaanza safari ya msasa, kutoka ule wa kukwaruza hadi ule laini kama kitambaa. Mwisho hupaka mafuta ya nazi yale yale, na kifuu hugeuka rangi ya kahawia inayokaribia weusi, yenye michirizi myepesi ndani. Tatizo lake ni umbo. Kifuu kimepinda, hakikubali kuwa bapa, kwa hiyo kipuli kikubwa hukaa kimejikunja kuelekea shavuni. Fundi mzoefu hulitumia pindo hilo: hupanga vipande vidogo kwa tabaka, au hukata pete nzima mahali kifuu kinapojikaza kuelekea macho yake matatu. Anayeanza hupigana nalo na kifuu kikapasuka. Muda wote huo hakuna gharama ya malighafi, na bado kipuli si rahisi kukitengeneza, kwa sababu msasa hula mchana mzima.

Mfupa na pembe za ng'ombe hutoka machinjioni, na hapa ubure wa malighafi huisha upesi. Mfupa lazima uchemshwe kwa soda au sabuni mpaka mafuta yatoke yote. Kwa unyevu wa Mombasa, mafuta yaliyobaki ndani hujitokeza baada ya wiki chache, mfupa ukawa wa manjano na kuanza kutoa harufu, na mteja hatarudi. Baada ya hapo hutiwa dawa ya kufanya weupe, hukaushwa, hukatwa, na vumbi lake si la kuvuta bila kufunika pua na mdomo. Juu ya hayo yote kuna kivuli cha pembe za ndovu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, biashara ya kimataifa ya pembe ikafungwa 1989, na tarehe 30 Aprili 2016 tani 105 za pembe zikachomwa Nairobi. Bangili nyeupe iliyong'arishwa vizuri humtia mgeni hofu anapoikaribia forodha. Fundi anapaswa kujua kumwonyesha mteja tofauti: mfupa una vitone na vistari vidogo, ambavyo ni njia za mishipa ya damu, ilhali pembe ya ndovu iliyokatwa upande ina mistari inayopishana kama wavu. (Mji wenyewe ulikwisha kuelewa somo hili zamani: pembe maarufu za Moi Avenue ni za alumini.)

Kombe na matumbawe ningeyatoa kabisa kwenye mjadala huu. Hayo si mabaki, hata kama bahari imeyatupa mchangani. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986 na kuokota ndani yake hakuruhusiwi. Gamba la ng'amba, ambalo zamani lilitengenezewa vitana na bangili, ni marufuku katika biashara ya kimataifa.

Changamwe ina vipande vya mbao. Uchongaji wa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akairudisha Wamunyu, na wajukuu wa kazi hiyo ndio walioketi Changamwe. Mpingo umekuwa adimu kiasi kwamba kipande cha urefu wa kidole hakitupwi tena, huwa shanga au kipini cha nywele. Wengi wamehamia mwarobaini, mti wa haraka na wa kila uwanja, ambao kwa sanamu unafaa na kwa bangili nyembamba hupasuka ukikosewa mkondo.

Kuhusu plastiki nitakuwa mfupi, kwa kuwa imekwisha kupata sifa zaidi ya inavyostahili hapa. Mwaka 1997 huko Kiwayu, Julie Church aliwaona watoto wakitengeneza vikaragosi kwa ndara zilizoletwa na maji, na kutokana na hapo ikazaliwa kampuni inayojulikana leo kama Ocean Sole. Marufuku ya mifuko ya plastiki yalianza tarehe 28 Agosti 2017. Mwaka uliofuata Lamu ikashusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyoyeyushwa lililovikwa ndara 30,000. Ndara hufaa kwa sanamu ya twiga na kwa kuvika jahazi. Kwa kipuli ina wema mmoja tu, wepesi. Jua hulipausha pambo la ndara, jasho huchafua kingo zake, na mtu mzima akilivaa huonekana ameazima la mtoto wake.

Shaba ni habari nyingine, na ndiyo inayonipa wasiwasi.

Mafundi wa jua kali Nairobi, hasa Kibera, wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuyeyusha makufuli na mifereji ya maji ya zamani na kusubu pete na bangili za shaba ya manjano zinazouzwa Ulaya kwa bei nzuri. Mbinu hiyo imefika pwani. Tanuri ni pipa lililokandikwa udongo, makaa na feni ndogo mahali pa mivukuto. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na huyeyuka karibu na nyuzi 900 za selsiasi. Zinki nayo huchemka nyuzi 907. Maana yake ni kwamba kalibu likiwa tayari, zinki tayari inapaa: ule moshi mweupe unaoonekana juu ya chungu ndio huo, na anayeuvuta hulala na homa na kutetemeka usiku akidhani ni malaria.

Lililo baya zaidi halionekani. Viwanda huchanganya risasi kidogo ndani ya shaba ya mifereji na makufuli, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Risasi haikimbii na moshi wa zinki. Huchemka kwenye nyuzi 1,749, joto ambalo tanuri la pipa halifiki, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki ndani ya bangili. Umoja wa Ulaya tangu 2013 umeweka ukomo wa risasi katika mapambo kuwa asilimia 0.05 ya uzito. Piga hesabu: kufuli lenye risasi asilimia 2 limevuka ukomo huo mara 40. Ngozi haifyonzi risasi nyingi, ni kweli. Mtoto aliyebebwa ndiye anayetafuna kidani cha mama yake, na fundi ndiye anayepiga tupa na kula mkate bila kunawa. Kwa hiyo bangili ileile inayosifiwa kwenye maonyesho kwa kuokoa mazingira inaweza kukamatwa na mkaguzi wa bandari ya Hamburg, na ikikamatwa, hasara ni ya fundi.

Sehemu hii ya Mombasa haina haja ya kuelezwa risasi ni nini. Owino Uhuru, mtaa ulio karibu na Mikindani, uliishi tangu 2007 ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, aligundua mwanawe ana sumu ya risasi, akawaongoza majirani kupinga, na kiwanda kikafungwa 2014. Alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, rufaa ikaiyumbisha hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ile nayo ilikuwa kazi ya kuyapa mabaki maisha mapya. Tanuri la sonara ni dogo mara elfu kuliko lile, lakini mara nyingi liko uani, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa. Anayeandika habari za mapambo ya mabaki ng'ambo ya Mombasa bila kuutaja mtaa huo anaandika nusu ya habari.

Je, fundi aache shaba? Aache kuyeyusha asichokijua. Kuna shaba nyingine iliyo safi kuliko ya kufuli: waya wa umeme. Shaba nyekundu ya nyaya hufika usafi wa asilimia 99.9, haina risasi, na haihitaji tanuri. Hupigwa nyundo ikiwa baridi, hupindwa kwa koleo, na ikikaza hupashwa moto ikalegea tena. Sharti lake ni moja, kumenya plastiki yake kwa kisu badala ya kuichoma. Ule moshi mweusi wa nyaya zinazochomwa majalalani ni wa plastiki ya PVC, na ndani yake mna tindikali na sumu nyinginezo.

Hapo ndipo sheria inapoingia na kuvuruga. Shaba iliyo salama zaidi kwa mwili ndiyo yenye mashaka zaidi mbele ya polisi. Kenya ilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu 2015, ikaunda baraza la kutoa leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na haikufunguliwa hadi Mei mwaka huo. Wakubwa walikuwa na akiba na mawakili. Fundi wa vikuku aliyekuwa na kilo mbili za waya chini ya meza alikuwa na kitu kisichoelezeka. Sheria haitofautishi waziwazi kati ya anayejaza kontena na anayetengeneza herini, na mpaka itofautishe, kinga ya fundi ni karatasi: risiti ya fundi umeme aliyemuuzia vipande vilivyobaki kwenye jengo jipya la Bamburi, tarehe na uzito. Najua wengi wataona ni usumbufu. Kulala korokoroni kunasumbua zaidi.

Na kuna kejeli ndogo nyuma ya sikio. Mara nyingi kinachomdhuru mvaaji si kile kipande cha mabaki. Ni kile kikulabu kipya cha herini kilichonunuliwa kwa pakiti dukani, chenye nikeli, kinachofanya tundu la sikio liwashe na kutoa maji. Fundi amefanya kazi siku nzima juu ya kifuu kisha akakitundika kwenye waya wa bei ya chini kabisa. Mteja hulaumu kifuu.

Sasa tumefika kwa mnunuzi. Bombolulu ni darasa zuri kwa sababu imedumu. Ilianzishwa na APDK, shirika linalohudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu 1958, kwa wazo lililonyooka: mtu asiyeweza kusimama anaweza kufanya kazi ya mezani inayohitaji macho na vidole, na mapambo ni kazi kama hiyo. Shaba, mbegu, mbao na ngozi zilipita mikononi mwao zikauzwa kwa maduka ya biashara ya haki Ulaya na Amerika Kaskazini, na kwa watalii walioletwa kwa mabasi. Ufundi wao haujawahi kuwa na shaka. Soko lao limetikiswa na mambo ambayo hayana uhusiano wowote na ufundi: machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, Mei 2014 watalii wa Uingereza walipoondolewa Mombasa kwa ndege, kisha 2020 na anga kufungwa. Kila mara mabasi yalikoma kuja, na kila mara bangili zilikaa kwenye kabati zikibadilika rangi. Biashara inayomtegemea mnunuzi asiye mkazi hulipa kodi ya habari za televisheni za nchi nyingine.

Uganda inatoa somo la pili. Wanawake wa Acholi Quarters, Kireka, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vya kaskazini na kuishi kwa kuponda kokoto, walianza kuviringisha vipande vya magazeti na kalenda kuwa shanga, wakazipaka vanishi. Kuanzia 2004 shirika la BeadforLife liliziuza Marekani, na habari ikaenea. Kuviringisha karatasi hujifunza mtu kwa asubuhi moja. Kila mtaa wa Kampala ukawa na kikundi, kisha Nairobi, kisha pwani yetu, na bei ikaporomoka kwa sababu ile ile iliyofanya kazi hiyo ipendwe na wafadhili. Kwenye joto la Mombasa vanishi hulainika kwa jasho na shanga hushikamana. Funzo ninalochukua ni gumu kidogo kusemwa mbele ya kikundi cha akina mama chenye ari: ufundi mwepesi hauna ukuta. Kifuu, mfupa na waya wa kufua vina ukuta, maana huchukua miezi kuvijua.

Vipi kuhusu mnunuzi aliye jirani? Hapa watu huwa na jibu la haraka, kwamba Mswahili hataki mapambo ya takataka, anataka dhahabu. Ni kweli kwa nusu. Dhahabu pwani ni pambo na ni benki. Mwanamke huiweka, akifikwa huiuza, na hakuna bangili ya waya itakayofanya kazi hiyo. Lakini si kila pambo ni akiba. Tazama masikio kwenye feri ya Likoni saa moja asubuhi: mengi yamevaa dhahabu bandia kutoka China na India, seti zinazong'aa mwezi mmoja kisha zikapauka na kuacha rangi ya kijani shingoni. Huyo ndiye mshindani halisi wa fundi wa Kisauni, na si mshindani wa kutisha. Seti hizo hazirudishwi dukani, hazirekebishwi, na zote zinafanana. Fundi aliye jirani anaweza kupunguza pete, kurudishia kikulabu, kuiga umbo la kikuku cha bibi.

Atakachopaswa kuacha ni ile hadithi. Mnunuzi wa Amsterdam hulipia hadithi: jaa, mama, kufuli lililookolewa. Ukimwambia hivyo mnunuzi wa Kongowea umemtukana, umemwambia anastahili kilichotupwa na mwingine. Sonara wa riali alilijua hili. Hakudanganya kuhusu fedha, ila hakuona sababu ya kusimulia ilikotoka. Ningependa mafundi wetu waseme ukweli wote kuhusu kilichomo, kwamba hii ni shaba nyekundu tupu, hii ni kifuu, kikulabu hiki hakina nikeli, na waliache neno taka kwenye lebo za nje ya nchi.

Bado kuna lile pengo la kati. Wachakuraji wa Mwakirunge hulipwa kwa kilo, na kwa kilo hakuna sababu ya kutenga vifungo vya pembe, funguo au waya mwembamba kutoka kwenye rundo. Fundi anataka gramu chache, zilizochaguliwa. Njia ni kununua kwa kipande na kutangaza bei mapema: kifuu kizima kisicho na ufa, shilingi kadhaa, mita ya waya iliyomenywa kwa kisu, kadhaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakozalishwa, na hoteli za Shanzu na Bamburi zingekuwa pa kuanzia, kwa kuwa jikoni kwao nazi hukunwa kwa magunia. Halafu kuna upimaji. Kifaa cha mkono cha kupima metali kwa eksirei husoma risasi ndani ya shaba kwa sekunde chache. Ni ghali mno kwa fundi mmoja, na kinawezekana kwa ushirika wa Changamwe na Bombolulu kwa pamoja, kikikodishwa kwa siku kadhaa tu kila msimu. Kipimo hicho kingefaa kuliko warsha nyingine kumi.

Mlango ulio karibu zaidi naona ni kwa wapambaji. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, na familia nyingi za Mombasa zilikuwa tayari zinakodi seti za kupambia bibi harusi badala ya kuzinunua. Mpambaji wa maharusi hununua mapambo kwa jicho la kazi: anataka seti nzito inayokaa kifuani bila kupinduka, inayokubali mwanga wa kamera, isiyoacha alama kwenye gauni, na itakayovaliwa na mabibi harusi wengi kabla haijachoka. Seti bandia za dukani hazimtoshi hata msimu mmoja wa baada ya Ramadhani. Shaba nyekundu iliyofuliwa kwa mkono na kuchovywa dhahabu ina uzito huo, na ikipauka hurudishwa kwa fundi ikachovywa tena. Hajali waya ulitoka jengo gani. Atauliza bei, atauliza kama kuna majasi na kikuku vya kufanana nayo, na atataka kujua kama mzigo utakuwa tayari kabla ya mfungo sita.